Hiace ya dizeli kukataa kuwaka asubuhi Kabale

Pole kaka, hapo umesema mchana Hiace yako inawaka kwa ufunguo mmoja tu lakini saa 12 asubuhi na ile baridi ya Kabale stata inazunguka vizuri, injini haishiki, basi mimi betri nisingeanza nayo maana ingekuwa imechoka ungesikia stata inavuta pole pole na taa za dashibodi zinafifia. Angalia ekzosi wakati unapiga stata. Ukiona moshi mweupe unatoka ujue dizeli inafika ila haiungui, na hapo nashuku hita plagi, zile plagi zinazopasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha, dizeli haina cheche kama petroli, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa na injini ya zamani iliyopoteza kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ikilala kwenye baridi joto hilo halitoshi bila hita. Toa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha zote nne, chukua taa ndogo ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri mwingine kwenye kichwa cha plagi moja moja, ile isiyowasha taa imekufa. Zote zikiwasha, angalia rilei yake, ile swichi inayozipelekea umeme. Moshi usipotoka kabisa ni dizeli haifiki, labda usiku inarudi tangini, piga pampu ya mkono juu ya filta kwanza. Na tafadhali usikubali mtu apulizie etha, ile dawa ya kopo ya kulazimisha injini iwake, ikikutana na hita yenye moto inaweza kuvunja pistoni.