Kabla hujairudisha kingamwili ya RAD21 dukani

Msomaji mmoja ameandika akiwa amekata tamaa. Amenunua kingamwili ya RAD21 (protini mojawapo ya kohesini, pete inayoikumbatia DNA), karatasi ya bidhaa inasema protini ina uzito wa kilodaltoni 72, lakini kwenye westani bloti yake, yaani kipimo kinachopanga protini kwa uzito kisha kuzitambua kwa kingamwili, anaona mstari mnene karibu na 120, na pale penye 72 pako patupu. Anauliza kama aidai fedha yake. Usiidai bado. Mstari wa 120 ndio unaotarajiwa.

RAD21 ya binadamu ina asidi za amino 631, na ukipiga hesabu unapata takriban 72. Kwenye jeli ya SDS, sabuni inayozifunika protini ili zitembee kwa uzito wake, haitembei hivyo. Ina asidi za amino nyingi zenye chaji hasi, inashikana vibaya na SDS, basi inajikokota na kusimama kati ya 120 na 130. Wenzake kwenye pete ya kohesini hawana tatizo hili: SMC1A, SMC3 na STAG2 zote huonekana karibu na 140, kama hesabu inavyosema. Kwa kuwa zinasimama mahali pamoja, usijaribu kupima SMC1A na SMC3 kwenye utando mmoja kwa kingamwili za mnyama mmoja. Hutajua ipi ni ipi.

Hata hivyo, mstari kuwa mahali pake si ushahidi kwamba ni RAD21. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, na hapa sitalegeza neno: kingamwili ambayo hujaiona ikipoteza mstari pale protini inapopotea, bado hujaijua. Punguza RAD21 kwa siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) mbili zenye mfuatano tofauti, kila moja peke yake, na siRNA isiyolenga kitu kando yake. Vuna kati ya saa 48 na 72. Ukichelewa, seli zinakwama kwenye mitosisi na kuanza kufa, na protini nyingine nazo zinashuka. Usitafute seli zilizofutwa RAD21 kabisa, haziishi bila hiyo. Kama maabara yako ina seli ambazo RAD21 yake imeunganishwa na kipande kinachoifanya iharibiwe ukiongeza oksini (homoni ya mimea), tumia hizo: ndani ya saa chache mstari unafifia, na seli hazijapata muda wa kuugua. Kwa STAG2 mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa STAG1, protini inayofanana nayo, huziba pengo lake. Kuna seli za saratani zilizoipoteza STAG2 zenyewe, nazo ni kipimo hasi kizuri.

Chunguza pia ni protini gani unayoitumia kulinganisha kiasi ulichopakia. Vinkulini hukaa karibu na 120, yaani pale pale penye RAD21 yako. Lamini B1 iko karibu na 66, na hapo kuna mtego mwingine: seli inapokufa, kaspasi, vimeng'enya vya kifo cha seli, huikata RAD21 na kuacha kipande cha mwisho-C (upande wa mwisho wa protini) chenye takriban 64. Mtu anayeona mstari karibu na 64 huiita kingamwili chafu, kumbe seli zake zinakufa. Tubulini au GAPDH haitakusumbua. Na kabla ya kununua, soma kingamwili imetengenezwa dhidi ya sehemu gani ya protini, maana inayoshika mwisho-N (upande wa mwanzo) haitakionyesha kipande hicho hata kidogo.

Sasa uchimbaji, ambao naona unapewa dakika tano wakati ungestahili saa nzima. Kohesini imekumbatia DNA. Ukivunja seli kwa bafa laini kisha ukazungusha kwenye sentrifyuji, sehemu kubwa inabaki kwenye mashapo, nawe unapakia kimiminika cha juu na kulaumu kingamwili. Weka vizuizi vya proteasi, ongeza nyukliasi (kimeng'enya kinachokata DNA) pamoja na magnesiamu (na usiweke EDTA, maana itainyang'anya nyukliasi magnesiamu hiyo), au vunja DNA kwa mawimbi ya sauti hadi ule ute unaovutika kwenye ncha ya pipeti uishe. Mara ya kwanza pakia na mashapo pia, uone protini imekwenda wapi. Mikrogramu 20 hadi 30 kwa kila kisima zinatosha, jeli ya asilimia 7.5 au 8. Hamisha protini kutoka jeli kwenda kwenye utando kwa njia ya majimaji, kwenye baridi. Kingamwili anza na 1:1000 usiku kucha kwenye nyuzi 4, kisha panda au shuka.

Kwa hadubini, kosa ni moja na linajirudia. Watu wanagandisha seli kwa kemikali kwanza, kisha wanatoboa utando wake. Kohesini inayoelea nayo inagandishwa, na kiini chote kinang'aa sawasawa kama taa. Ukitaka iliyoshika kromatini (DNA pamoja na protini zake), tanguliza sabuni ya Triton X-100 ya asilimia 0.1 hadi 0.5 kwenye bafa baridi kwa dakika moja au mbili, halafu ndipo paraformaldehidi ya asilimia 4. Fanya kwa mkono mwepesi, maana seli za mitosisi zinang'oka upesi. Na usishtuke ukikuta mikono ya kromosomu haina mng'ao kwenye metafasi: katika seli zetu kohesini nyingi huondoka kwenye mikono tangu profasi kwa msaada wa protini ya WAPL, na inayobaki hulindwa na protini ya SGO1 kwenye sentromia hadi kimeng'enya cha separasi kiikate anafasi inapoanza.

Kingamwili iliyofaulu kwenye bloti inaweza kushindwa kabisa kwenye kromatini iliyogandishwa kwa fomaldehidi, kwa kuwa sehemu inayoitambua imefunikwa. Ijaribu upya huko, ukilinganisha mahali kwenye DNA penye CTCF, protini ambayo kohesini hukusanyika karibu nayo, na mahali pasipo nayo.

Unapoandika tena, tuma picha ya utando mzima pamoja na vipimo vya uzito pembeni, si kipande kilichokatwa kuzunguka mstari mmoja. Taja pia namba ya toleo iliyo kwenye kichupa. Kingamwili za sungura zisizo za kloni moja hubadilika toleo hadi toleo, na huenda mwenzako aliyefanikiwa alitumia jingine.