BMI ilinisifia, kitambi kikanisuta

Mkuu, umeuliza kama BMI (ile hesabu ya kilo zako ukizigawanya kwa urefu mara urefu) ya 27 inatosha kukuita mnene ilhali unanyanyua vyuma mara nne kwa wiki. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa, ngoja nikupe yangu.

Nina urefu wa mita 1.70. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kilo 66. Gawanya 66 kwa 1.70 mara 1.70 unapata 22.8, katikati ya ile 18.5 hadi 24.9 wanayoiita uzito wa kawaida. Nikavimba kichwa. Mikono myembamba, miguu njiti, ila kifungo cha chini cha shati hakifungi. Siku moja nimemsindikiza mgonjwa, nikapimwa sukari hivi hivi tu: iko juu. Daktari hata mizani hakuiangalia. Alichukua futi kamba, akanizungusha: sentimita 97.

Aliyebuni hesabu hii, Mbelgiji Adolphe Quetelet, wala hakuwa tabibu. Alikuwa mtu wa hisabati na nyota, na miaka ya 1830 alikuwa akimsaka "mtu wa wastani" ndani ya umati. Jina la BMI lilikuja 1972, kwa mtafiti Mmarekani Ancel Keys. Hesabu yenyewe haijui kilo zako ni za msuli, mfupa, maji au mafuta, wala mafuta hayo yamekaa wapi. Na hapo kwenye "wapi" ndipo penye shughuli. Ya mapajani na makalioni hayana madhara sana. Yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayoivuruga insulini, ile homoni inayodhibiti sukari mwilini. Yangu yote yalikuwa huko.

Msiitupe lakini. BMI ikifika 38, kwa wengi wetu huo si msuli, tusidanganyane. Na wewe usijifiche nyuma ya vyuma, wapo wenye kifua kipana na kitambi juu yake.

Chukua futi kamba, tafuta nafasi kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, pima bila kubana tumbo (wanaume tunabana, najua). Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mimi leo nina kilo 67, yaani BMI imepanda hadi 23.2, kiuno kimeshuka hadi 85 na sukari imetulia. Kwa mizani peke yake ungesema nimeharibikiwa.

Pima kesho asubuhi kabla hujala, ulete namba hapa.