Viriba vya kuoza vimewahi kuliko miche

SWALI: Habari mhariri, mi nina kitalu cha parachichi hapa Usa River. Desemba nilinunua viriba vile vya kuoza vyenyewe, nikajaza udongo nikavipanga, sasa vile vinavyopigwa na jua kutwa nzima, kufika Februari vimekuwa kama ganda la kitunguu, ukishika tu kinapukutika na udongo wote chini, na mche hata wa kubebesha (kuunganishwa) haujafika. Vya chini ya migomba vizima kabisa! Jirani anasema kuna dawa ya mimea ya kupaka, kweli?

JIBU: Pole dada, ila hiyo migomba yako imeshajibu nusu ya swali. Viriba havijaoza, vimechomwa. Kuozesha ni kazi ya vijidudu wakipata unyevu na joto, hapo ni mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, imekatakata minyororo mirefu inayounda plastiki, vikabaki vipande vifupi, ndo maana inakatika. Na huku tuko juu ya mita 1,000 na karibu na ikweta, jua ni kali hata kama kaubaridi kanakudanganya.

Jirani hajadanganya sana. Lignini, ile inayofanya mti uwe mgumu, inameza UV na kuitoa kama joto dogo tu, tanini ya magome ya miwati nayo imo, hata maganda makavu ya vitunguu vyekundu, yale yanayopeperuka soko la Kilombero, yana kwesetini ya kazi hiyohiyo. Ila sio ya kupaka! Inachanganywa kiwandani plastiki ikiwa imeyeyuka, PLA kwa mfano, plastiki inayotokana na mimea, ni nyuzi 150 mpaka 180 hivi, we ukichemsha maganda ukapaka mvua ya kwanza inaondoka nayo. Manjano, kile kiungo cha jikoni, ndo usijaribu kabisa, si unajua doa la manjano kwenye nguo ukianika juani linafifia lenyewe, sasa litamlinda nani? Lignini inageuza plastiki kahawia, kwa kiriba nani anajali, ila ikizidi inapasuka kirahisi.

Siku nyingine muulize muuzaji vinakaa juani miezi mingapi, akianza kujiumauma achana naye. Hivyo vilivyobaki tundikia shedineti (wavu wa kivuli), na vilivyoanza kukatika usivinyanyue kwa kushika mdomo wa kiriba, shika chini kwa mikono miwili udumbukize kizimakizima kwenye kiriba kikubwa zaidi.