Maswali ya Wasomaji: Miche ya Dalia Itolewe Nje Lini Huku Mwanza?

SWALI: Ndugu Mshauri wa Bustani, nakusalimu. Shangazi yangu anayeishi Lushoto alinipa viazi vya maua ya dalia, nami nimeviotesha katika viriba chini ya mwembe nyumbani Nyegezi. Sasa miche ina urefu wa shubiri moja. Maelezo niliyosoma, yaliyoandikwa kwa wakulima wa Uingereza, yanasema miche isitolewe nje mpaka majira ya kuchipua yafike na sakitu (barafu nyembamba ya usiku wa baridi kali) ya mwisho ipite, na kwamba kwanza izoeshwe hali ya nje kwa wiki moja au mbili. Huku kwetu hatuna majira hayo. Je, nifuate miezi ipi, na kuizoesha miche kuna maana yoyote kwetu? Nilitoa miche miwili juani, na majani yake yakababuka.
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo hayo ni sahihi kwa nchi yalikoandikiwa. Mashina na majani ya dalia yamejaa maji, na sakitu ikianguka usiku mmoja tu maji hayo huganda, na asubuhi mmea mzima hukutwa mweusi na umelegea. Ndiyo maana wakulima wa Uingereza huanza kuotesha viazi ndani ya nyumba za vioo mnamo Machi au Aprili, kisha husubiri hadi Mei inapoelekea mwisho ndipo wapande nje. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na ziwa hupunguza ukali wa baridi ya usiku, kwa hiyo sakitu haitufikii. Hapa nchini wanaoifahamu ni wakazi wa sehemu za juu sana kama Kitulo. Kalenda ya Ulaya basi iache, lakini kuizoesha miche usikuache hata kidogo, kwa sababu kilichobabua majani yako ndicho hasa kinachozuiwa kwa kuizoesha.

Mche uliokulia chini ya mwembe huwa na majani mapana, laini na yenye ngozi nyembamba. Ukiutoa ghafla kwenye jua la saa sita, huku upepo wa ziwani wa mchana ukiyanyonya majani maji kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kuifidia, sehemu za jani zilizoelekea juu hufa. Litazame jani lenyewe kwa karibu: doa la jua huwa jeupe na kavu, lipo upande wa juu tu, na baada ya siku chache hugeuka rangi ya kahawia bila kuenea kwenye majani mengine. Ubwiri unga nao huonekana mweupe kwa mbali, lakini ukiupangusa kwa kidole, unga wake hubaki kidoleni. Kama ulichonacho ni doa la jua, usinunue dawa. Rudisha miche kivulini, na majani mapya yatatoka mazima.

Kuizoesha kunahitaji siku saba hadi kumi. Siku mbili za mwanzo ipate jua la asubuhi hadi saa tatu, kisha irudishwe kivulini. Siku zinazofuata uongeze muda hadi saa nne, halafu saa tano, na jua la alasiri, ambalo kwetu ndilo kali zaidi kwa mche mchanga, liwe la mwisho kuongezwa. Kama huna nafasi ya kuhamisha viriba kila siku, funika kichanja kwa neti ya kivuli au makuti, upunguze kifuniko kidogo kidogo. Katika siku hizo punguza maji kiasi bila kuiacha miche inyauke, ili mashina yake yakomae, na uanze kuiweka mahali inapoguswa na upepo. Siku ya kupanda iwe ya mawingu ikiwezekana, na kazi ifanyike saa kumi na moja jioni ili mche uwe na usiku mzima wa kutulia kabla ya kukutana na jua.

Kuhusu miezi, kwetu tunafuata mvua. Asili ya dalia ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati, na Meksiko iliitangaza kuwa ua la taifa mwaka 1963. Huko ilizoea kuchipua mvua zinapoanza na kujificha ndani ya kiazi wakati wa kiangazi, kwa hiyo mzunguko wa mvua na ukavu tulio nao si mgeni kwake. Asiye na maji ya uhakika apande nje mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, vuli ikiwa imeshika, naye ataona maua kuanzia Januari. Mwenye bomba au kisima namshauri apande mwezi Mei, masika yanapopungua. Mimi naupenda zaidi wakati huu wa pili, kwa sababu maua hufunguka kati ya Julai na Agosti, usiku unapokuwa na ubaridi ambao dalia huufurahia, na hakuna mvua kubwa ya kuyavunja. Gharama yake ni kumwagilia, na kukagua mara kwa mara chini ya majani, kwa kuwa utitiri mwekundu hushamiri wakati wa ukavu.

Usishangae dalia zako zikiwa fupi kuliko zile za picha za Ulaya. Kule mchana wa kiangazi huzidi saa 15, na mmea huendelea kurefuka. Hapa mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na mchana wa namna hiyo huuhimiza mmea kutia viazi mapema. Mpe kila mche nafasi ya sentimita 50 hadi 60, uchanganye samadi iliyooza vizuri na udongo, na mti wa kuegemeza shina uchomekwe kabla ya kupanda, maana ukichomekwa baadaye hutoboa viazi. Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata ncha yake ili utoe matawi.

SWALI: Nilikata viazi vya dalia vipande vipande kama tunavyofanya kwa viazi mviringo, nikavipanda. Zaidi ya mwezi umepita na vingi havijachipua, ingawa nikivifukua naona bado ni vizima. Tatizo ni nini?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, lakini kiazi cha dalia hakina hata moja kwenye mwili wake. Macho yote yapo shingoni, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani, nayo ni vinundu vidogo ambavyo mara nyingi huwa na wekundu kidogo. Kipande kisicho na sehemu hiyo kinaweza kukaa ardhini kikiwa kizima, hata kikatoa mizizi, na kisichipue kamwe. Vifukue vyote na utazame shingo zake. Vyenye jicho virudishe ardhini kwa kina cha sentimita 10 hivi, na vilivyobaki vitupe kwenye mboji bila majuto. Wakati mwingine usigawe fungu la viazi mpaka macho yameanza kuvimba, kisha kata kwa kisu kikali ukihakikisha kila kiazi kinaondoka na kipande cha shina chenye jicho. Tena usimwagilie sana kabla chipukizi halijatokeza, kwa kuwa kiazi kisicho na majani hakiyatumii maji hayo, na huoza.

SWALI: Je, ni lazima kung'oa viazi baada ya maua kwisha?
Msomaji, Magu

JIBU: Ulaya hung'olewa ili visigandishwe na baridi. Kwako inategemea udongo. Kwenye kichanga cha miteremko yenye mawe, viache ardhini, usitishe kumwagilia mashina yanapokauka, na vitapumzika vyenyewe. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaotuamisha maji, ving'oe kabla mvua hazijarudi. Kata mashina yabaki sentimita 15, chimba ukiwa mbali na shina, kisha inua fungu zima kutoka chini bila kulivuta kwa shina, kwa sababu shingo ikivunjika kiazi hicho hakitachipua tena. Vianike kivulini siku chache, uvifukie katika maranda ya mbao au mchanga mkavu ndani ya kreti, na kila baada ya wiki mbili au tatu uvikague na kuondoa chochote kilicholainika.