Propela imegonga kichuguu, injini ifunguliwe?
Ndugu, unasema ndege yenu Cessna 172 ilikuwa inatembea chini tu pale uwanja wa Kajjansi, Uganda, propela ikagonga kichuguu, fundi kapima krankishafti (shafti kuu ya injini inayozungusha propela) kwa geji akakuta imenyooka, sasa mnabishana kama injini ifunguliwe. Mi nasema fungueni. Geji inapima flanji ya mbele, pale propela inapofungwa, haioni ufa wa ndani wala ile gia ya nyuma ya krankishafti, na boliti na pini yake ndo huumia, gia ikiachia basi kamshafti inayofungua vali na magneto zinazotoa cheche vyote vinasimama, injini inazima, na mwaijua njia ya kwenda visiwa vya Ssese, chini ni maji matupu. Tena kwa injini nyingi za Lycoming sio hiari, agizo la FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) namba 2004-10-14 linataka hiyo gia ikaguliwe na boliti ibadilishwe, cheki modeli ya injini yenu. Bei itauma. Pigia bima kabla fundi hajashika spana.