Madogo mnaokuja kusoma Kampala, njumu ziacheni kwenye begi kwanza

Juzi saa tisa na nusu mchana nimemkuta dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, Mtanzania mwenzetu, anatoka getini hosteli za Kikoni njumu zinaning'inia begani. Na mimi najua kabisa wana testi saa kumi na moja siku hiyohiyo, maana hiyo kozi nimeisoma, tena nimeisoma mara mbili, na kwa nini mara mbili ndo hii stori yenyewe. Nikamuuliza unaenda wapi saa hizi, akasema "kaka kuna mechi wameniita, narudi sasa hivi." Narudi sasa hivi! Tumbo likanikata hapohapo. Kila mwaka ni hivihivi jamani, kwa hiyo leo naandika, msome msisome shauri yenu.

1. Makaratasi. Cheti cha kidato cha sita kipelekeni UNEB, baraza la mitihani la huku, kilinganishwe mapema na pasi ya mwanafunzi fuatilieni uhamiaji wiki ya kwanza, basi, hapo sina stori.

2. Mapafu. Kama umetoka Dar au Tanga umezoea kukimbia ufukweni, Kampala ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari halafu ni vilima mwanzo mwisho. Mazoezi yangu ya kwanza nilitapika mbele ya watu. Hii ni nchi ya Cheptegei, mtu kachukua dhahabu ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo na ya mita 10,000 Paris, sasa wewe na sigara zako za kujificha unataka kumuonyesha nani? Anza mdogomdogo.

3. Michezo yao. Usije na dharau kwamba Simba na Yanga ndo mpira wote. Ukitaka kupata rafiki haraka mtaje Okwi, kacheza Simba kacheza na Yanga, mtabishana mpaka rolex (chapati ya mayai, si saa) zipoe. Netiboli usiicheke, She Cranes, timu yao ya taifa, walimaliza wa tano Kombe la Dunia 2023 kule Cape Town, na dada zao wa chuoni wanaruka wewe hufiki. Raga nenda ukaangalie Kyadondo Jumamosi ila usijaribu kumkaba mtu. Halafu kuna wudibo. Siku ya kwanza niliona watu wazima wanapiga kimpira cha mbao na rungu lenye kichwa kama chupa wanakipitisha kwenye kigeti kidogo, nikajua ni mchezo wa waliokosa hela ya gofu. Nikaomba nijaribu. Geti la kwanza tu nilipiga mapigo kumi na moja, binti aliyekuwa pembeni akaniambia "bambi" kwa huruma ile ambayo inauma kuliko tusi. Huu mchezo vyuo vya huku wanauchukulia siriaz, muwe na heshima.

4. Lugha. Hapa ndo kwenyewe. Mtadhani mnaelewana na watu kumbe hamuelewani. Taxi ya huku ni daladala. Matatu ni mchezo wa karata. Na posho... subirini.

Mwaka wa kwanza semista ya pili nilikuwa winga wa kushoto na mdomo mrefu. Nilishamwambia kila mtu kwamba nilicheza UMISSETA, michezo ya sekondari kwetu, ngazi ya taifa (ukweli niliishia wilaya, na benchi). Sasa jamaa wa kitivo kingine, kepteni wao, akanifuata kantini, wana fainali ya vitivo na winga wao kaenda kijijini msibani. Akaniambia ssebo (yaani bwana), kitambulisho chake tunacho, mnafanana rangi, wewe njoo ucheze, posho ipo. Nikasikia POSHO. Wadogo zangu, mimi nina deni la kodi ya hosteli, nikapiga hesabu palepale, elfu hamsini? Thelathini hata? Sikuuliza kiasi nisionekane njaa. Mechi saa tisa, testi saa kumi na moja, nikasema natoka uwanjani naingia ukumbini, narudi sasa hivi.

Dakika ya ishirini hivi beki akanipitia mguu, na maumivu bwana hayajui umevaa jina la nani. Nikapiga yowe "Mamaaa nakufa, refa huoni huyu!" kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka, uwanja mzima ukageuka. Refa akaja na ile karatasi ya majina, ananiuliza kwa Luganda taratibu tu, "erinnya lyo ggwe ani?" yaani jina lako nani, swali la mtoto wa chekechea. Mimi sikuelewa hata neno, na kwenye kitambulisho ni Mganda mwenye jina la herufi kumi na mbili. Nikajibu kwa kujiamini: "Kale ssebo, webale nnyo," yaani sawa bwana, asante sana. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mamluki nimekamatwa. Timu ikanyang'anywa mechi, mimi nikapelekwa ofisi ya michezo kuandika maelezo, na yule mzee hakuwa na haraka hata kidogo, anasoma anarudisha, andika upya, hapa hujasema ukweli. Naangalia saa ya ukutani, kumi na moja. Na nusu. Kumi na mbili. Natoka giza limeingia, wenzangu wanatoka testi wanabishana swali la tatu.

Nje nikamkuta yule kepteni ananisubiri, nikasema afadhali angalau posho yangu. Akanipa sahani imefunikwa. Ugali na maharage. "Posho yako ssebo." Huku posho ni ugali. Niliula wote nikiwa nimesimama, nifanyeje, nilikuwa na njaa.

Koswaki ilikuwa 30, testi 15 na asaimenti 15. Testi sifuri, asaimenti 11, mtihani 36 kwenye 70. Jumla 47, pasi ni 50. Kwetu ungesema ah, sapu, mtihani wa marudio, unakula likizo unarudi. Huku kwetu kitivoni hakuna sapu, kuna riteki, unasubiri kozi irudi mwaka unaofuata, unailipia, unakaa na madogo wanakuita "mzee". Baba nilimwambia ni hela ya maabara, na mimi nasoma biashara. Kila mhadhiri akisikia natoka Tanzania ananikumbusha Nyerere alisoma Makerere 1943 mpaka 1945, naitikia tu kwa kichwa.

5. Ratiba ya testi bandikeni mlangoni. 6. Kikomando (chapati na maharage) cha jioni msile kabla ya mazoezi.

Sasa yule dogo wa juzi nilimshika begi kabisa, nikamkalisha kwenye ngazi, nikamsimulia yote haya mpaka ya sahani. Kasikiliza vizuri, kaniangalia kwa heshima, halafu akasema, "Nimekuelewa kaka, lakini hawa wa leo wamesema posho ipo mpaka na nyama."

Nikamwachia begi.