Shimo la mboji linanuka yai bovu. Nimwagie dawa gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mgahawa mdogo karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, wali na ugali uliobaki, vyote natupa kwenye shimo nyuma ya nyumba ili nipate mbolea ya migomba. Sasa shimo limejaa maji, linanuka kama yai bovu na lina funza wa kahawia. Majirani wanalalamika. Kuna dawa ya kumwagia?
Mama wa mgahawa, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue dawa yoyote. Dawa itaua vijidudu unavyovihitaji na harufu itarudi baada ya siku chache. Shimo lako limekosa hewa.

Harufu ya yai bovu ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotoka pale vitu vinapooza bila hewa. Uozo wa namna hiyo, kama ule wa dampo, hutoa pia gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha joto anga mara 28 hivi kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Ndiyo maana nafurahi kila mtu anapozuia chakula kisiende dampo, na sitaki ukate tamaa.

Toa kila kitu shimoni, ukirundike upya juu ya ardhi. Shimo halifai Moshi, hasa masika yakishaanza. Kwa kila ndoo ya mabaki ya jikoni weka ndoo mbili hadi tatu za vitu vikavu, kwa sababu vijidudu hufanya kazi vizuri panapokuwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni, na mabaki ya jikoni peke yake yana nitrojeni na maji mengi mno. Mimi ningechagua majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa. Maganda ya kahawa kutoka kwenye mashine za kukoboa ni mazuri sana pia. Pumba za mpunga huchelewa kuoza lakini huacha nafasi za hewa. Maranda tumia kidogo, na yasiwe ya mbao zilizowekwa dawa. Majivu ya jikoni usiyarundike humo. Yakizidi, nitrojeni hupotea hewani kama amonia, ile harufu inayochoma pua kama mkojo.

Lundo lifike mita moja kila upande, dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Ndani panatakiwa pafike nyuzi 55 hadi 65. Chomeka nondo katikati, uiache dakika kumi: ukiitoa na huwezi kuishika kwa muda, mambo yanaenda. Kamua konzi moja; yakitoka matone machache, unyevu unatosha, yakichuruzika ongeza makavu. Geuza kwa beleshi kila wiki, na mvua ikinyesha funika kwa turubai, ukiacha pembeni papitishe hewa.

Hao funza, kama ni wagumu na wamebapa, yaelekea ni watoto wa inzi askari mweusi. Hawana madhara kwa mboji, na kuku wanawagombania. Walio weupe na laini ni wa inzi wa nyumbani. Wafukie katikati kwenye joto. Nyama, mifupa na mafuta visiingie kabisa, vinaita panya.

Lakini mama, kabla ya lundo kuna ng'ombe. Maganda mabichi ya ndizi ni malisho, kwa hiyo mpe jirani mwenye ng'ombe wa ndani, naye akupe samadi ya kuchanganya kwenye lundo. Mabaki ya wali na nyama yakienda kwa nguruwe, yachemshwe vizuri kwanza, maana nyama inaweza kubeba homa ya nguruwe, nayo haina tiba. Na kama ugali unabaki kila jioni, punguza unga unaosonga.

Baada ya miezi mitatu au minne mboji itakuwa nyeusi, inayonukia udongo. Zungushia debe moja kila mgomba, hatua moja kutoka kwenye shina, kisha funika kwa majani.